TAHADHARI: Msinunue "seti kamili" ya kupigia picha sarafu kutoka kwa mtu huyu

Ndugu wakusanyaji, naandika nikiwa na hasira na, nisiwafiche, nikiwa na aibu pia. Kuna mtu anauza kile anachokiita "seti kamili ya kupigia picha sarafu nyumbani", yaani lenzi ya kubana kwenye simu, taa ya duara, stendi na chupa ndogo ya dawa, na huwafuata watu mmoja mmoja kwa ujumbe wa faragha. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, lakini akikufikia utamtambua kwa seti hiyo na kwa ulimi wake mtamu. Amekula fedha zangu, na hilo ningelimeza. Nisichoweza kumeza ni kwamba alinifanya niiharibu sarafu kwa mikono yangu mwenyewe.

Sarafu ni ile mnayoijua, thala ya Maria Theresa aliyoniachia babu, yaani sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, kwa hiyo habari zake nyingine sitazirudia. Niseme tu kwa nini picha yake ilinitesa. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na baada ya hapo thala zake ziliendelea kutengenezwa Vienna, kisha hata Roma, London na Bombay, zote zikiwa na mwaka ule ule wa 1780, hivyo mwaka ulioandikwa haumsaidii mtu kujua yake ilitoka wapi. Mjuzi anayetaka kuamua hulazimika kuangalia vitu vidogo mno: manyoya ya mkia wa tai, na lulu tisa zinazozunguka kishikizo kilicho begani kwa malkia. Sarafu nzima ina upana wa milimita 40 hivi, na lulu hizo ni kama chembe za chumvi. Nikiisogeza simu karibu, inashindwa kulenga na inaifunika sarafu kwa kivuli chake. Nikiwasha flashi, uso wa malkia unageuka doa jeupe.

Msinicheke kabla hamjasikia jinsi alivyozungumza. Jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Kaka, achana na flashi kabisa," kisha akanieleza niweke taa mbili, moja juu kushoto na nyingine juu kulia, ili herufi zipate kivuli chembamba na kusimama. Akanieleza pia namna ya kuinamisha kipande cha kioo safi nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, ili mwanga unaotoka ubavuni ugonge kioo na kushuka wima juu ya sarafu. Alinikumbusha kutumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole changu kisiitikise simu. Yote hayo ni kweli tupu, nimeyahakiki baadaye, na ndiyo maana nasema huyu si mbabaishaji bali ni mwizi aliyesoma. Mtu anayekupa elimu ya bure kwa siku nne mfululizo utamdhania vipi kuwa mwongo?

Siku ya tano akanipigia simu ya video usiku. Hapo ndipo nilipoliwa, na nimeirudia saa ile kichwani mpaka nimechoka. Alikuwa ameweka thala kama yangu juu ya kitambaa cheusi, simu yake ya pili ikiwa imekaa kwenye stendi ikiangalia chini, lenzi imebanwa juu yake. Akawasha taa ya duara. Akaigeuza kamera polepole kunionyesha skrini ya ile simu ya pili, na humo nikaziona lulu zote tisa, kila moja na kitone chake cha mwanga, na mikunjo ya shela imechongeka kama mtu aliyeichora kwa sindano. Nilisikia moyo ukipiga. Akanyoosha mkono akaisogeza taa kidogo, akasema, "Umeona? Hata mtoto anaweza." Mke wangu, aliyekuwa ameketi pembeni, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mbona mkono wake umepita juu ya sarafu na kwenye picha hakuna kivuli?" Nilimwambia anyamaze, asije akamvunjia heshima mgeni wa watu. Fedha nilizituma kabla simu haijakatwa.

Alichokuwa akinionyesha hakikuwa sarafu iliyo chini ya lenzi. Ilikuwa picha iliyokwisha kupigwa, amefungua skrini nzima.

Seti ilifika, hilo sitalikana, na pengine ndilo linalomfanya aendelee kutembea kifua mbele. Lenzi ilionyesha vizuri katikati tu. Pembeni herufi ziliyeyuka na kuvaa ukingo wa zambarau. Lulu tisa ziligeuka mstari mmoja mnene kama uzi uliolowa maji. Taa nayo ilijichapa yenyewe, duara zima jeupe, juu ya shavu la malkia. Nilipomlalamikia alijibu kwa utulivu mkubwa kwamba kifaa hakina kosa, sarafu yangu ndiyo chafu, lenzi haiwezi kupenya uchafu, na kwamba ile chupa iliwekwa humo kwa kazi hiyo. Nichovye, nisuuze, nisugue kwa kitambaa.

Nikachovya. Ikatoka harufu ya yai bovu, na ule utando wa kijivu chenye samawati kwa mbali ukaondoka mbele ya macho yangu kama chaki inayofutwa. Utando huo ulikuwa fedha iliyoungana polepole na salfa ya hewani kwa miaka mingi; ukiuyeyusha, unaondoka pamoja na tabaka la juu la sarafu yenyewe, na hakuna dawa inayolirudisha. Ikabaki nyeupe iliyokufa. Kisha nikaisugua kama nilivyoagizwa, na asubuhi yake, nilipoiinamisha dirishani, nikaona mikwaruzo myembamba isiyohesabika, yote ikielekea upande mmoja, upande wa mkono wangu. Nimewahi kuwakemea wengine kwa kosa hilo hilo, na waliopo wanakumbuka.

Nilimtumia picha. Akasoma, akanifungia mawasiliano.

Mnauliza kama kulikuwa na dalili za utapeli. Zilikuwepo, na mimi nilizikanyaga. Alinitumia picha za "wateja wawili", lakini sarafu zote mbili zilikuwa na mkwaruzo ule ule chini ya kidevu na chembe ile ile ya vumbi karibu na herufi. Picha zake za mfano zilikuwa na mwanga wa taa mbili zilizo mbalimbali, ilhali seti anayouza ina taa ya duara, ambayo huacha alama ya duara. Mng'ao wa sarafu ungeniambia ukweli kama ningeutazama badala ya kuzitazama lulu. Nilipoomba picha halisi kama ilivyotoka kwenye simu, alituma iliyokatwa, akidai halisi ni nzito mno. Alikuwa na haraka ya malipo. Na suala la kivuli nimeshalisema, na mwenye kulisema kwanza si mimi.

Mtu huyu asiachwe. Sitaki kusikia habari za kumsamehe eti naye anatafuta riziki, kwa sababu anayeuza lenzi mbovu anatafuta riziki, lakini anayemwambia mwenzake aimwagie dawa sarafu ya urithi ili kufunika ubovu wa lenzi hiyo anajua vizuri anachokifanya. Arudishe fedha, ashtakiwe, na kila kikundi cha wakusanyaji alichojipenyeza kimfukuze leo. Kama nawe alikutapeli, usifute mazungumzo wala risiti ya malipo, hata kama unaona haya. Nami naona haya, lakini vyote nimevipeleka polisi.

Walipotaka picha ya uharibifu, nilipanga vitabu katika marundo mawili, nikalaza simu juu yake mbali kidogo na sarafu, nikaweka taa mbili za mezani zilizofunikwa karatasi nyeupe, moja kushoto na moja kulia, na nikatumia sekunde zile mbili alizonifundisha yeye mwenyewe. Picha imetoka safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Lulu zote tisa zinaonekana, na mikwaruzo yangu pia.