Simu kali gani bado utaipenda ikifika mwezi wake wa pili mkononi? Nimezipanga kuanzia ya kwanza

Wiki ya kwanza kila simu kali, yaani zile za hadhi ya juu, ni tamu, hilo tusibishane. Kioo kinang'aa, kamera inapiga picha mpaka unashangaa, na kila ukiitoa mfukoni unajiona. Ngoma inaanza wiki ya tatu hivi, ukishaivalisha kava na protekta, ukishahamisha WhatsApp na mapicha yako yote, mshawasha umeisha, hapo ndio unajua ulinunua simu au ulinunua tangazo. Kwa hiyo orodha hii sijaipanga kwa kuangalia nani ana megapikseli nyingi wala nani kashinda majaribio ya spidi, nimeangalia kitu kimoja tu, ukishaizoea ni nini kitakuwa kinakukera kila siku. Nimechukua zilizotoka mpaka 2025.

Kabla ya orodha niseme hili la betri maana watu wanarudisha simu bure. Siku chache za mwanzo chaji ya simu mpya huwa inaenda ovyo na mara nyingi si ubovu. Simu inashusha programu zako zote, inavuta picha kutoka mtandaoni, inazichambua kwa sura za watu ili ukitafuta uzipate, yote hayo kimyakimya, halafu na wewe mwenyewe hutaki kuiweka chini. Baada ya hapo inatulia, na Android zina mfumo unaojifunza programu zipi unazitumia na zipi huzigusi ili hizo zisizoguswa zisile chaji. Usiihukumu betri kabla ya wiki mbili. Moto nao hivyo hivyo, wakati wa kuhamisha data lazima ipate moto, ila kama wiki ya tatu bado inachemka na wewe unasoma meseji tu, basi kuna programu inafanya vituko huko nyuma au simu yenyewe ina kasoro, irudishe ukiwa bado ndani ya muda wa kurudisha.

Haya.

NAMBA 1: iPhone 17 ya kawaida

Ndio, ya kawaida, sio Pro, na najua kuna watakaonuna. Tangu iPhone 13 Pro ya 2021 Apple walikuwa wanakiweka kioo cha 120Hz, kile kinachobadili picha mara 120 kwa sekunde ukisogeza kinateleza, kwa wenye Pro tu, mwenye ya kawaida anabaki na 60 kama vile kafanya kosa. Septemba 2025 kwenye 17 wakafungulia, kioo ni inchi 6.3 chenye 120Hz, na nafasi inaanzia GB 256. Yaani sababu kubwa iliyokuwa inawasukuma watu kwenye Pro imeondoka, iliyobaki ni lenzi ya kuvuta mbali na mambo ya watu wa video.

Ila kilichoipa namba moja hasa ni uzito. Gramu 177. Dukani hakuna anayeuliza uzito, wote tunashika simu nusu dakika tumesimama, inatosha kabisa kudanganywa. Fanya hivi: lala chali, ishike juu ya uso kwa mkono mmoja, halafu jaribu kugusa kona ya juu upande wa pili kwa dole gumba bila kuisogeza kiganjani. Ukiwa na Pro Max, ambayo inapita gramu 230 kabla hujaivalisha kava, itabidi uiegemeze kwenye kidole kidogo na uisukume juu, na hapo ndipo inapokudondokea kwenye pua. Baada ya mwezi wenye simu kubwa wengi utawaona wanaandika kwa mikono miwili tu, na wanakuambia wamezoea. Sawa, binadamu anazoea mengi.

Kingine ambacho hakitangazwi sana ila utakitumia kila wiki ni kamera ya mbele. Sensa yake ni ya mraba, kwa hiyo unashika simu wima kama kawaida na inapiga selfi ya kulala watu wote wakaingia, hakuna tena kugeuza simu na kunyoosha mkono mpaka bega lilie.

Mabaya yake sasa. Haina lenzi ya kuvuta mbali, ukipita mara 2 picha inaanza kuchuja, kama wewe ni mtu wa kupiga picha ukiwa nyuma ya ukumbi hii sio yako. Haina alama ya kidole, ni Face ID tu, kufungua kwa uso, na ukiwa umelala ubavu nusu ya uso iko kwenye mto utaingiza namba za siri sana. Waya wake pia unahamisha data kwa spidi ya USB 2, ya kizamani kabisa. Na kubwa kuliko yote, ukinunua iliyotoka Marekani ujue kwamba iPhone zinazouzwa kule kuanzia iPhone 14 ya 2022 hazina tundu la laini, ni eSIM tu, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi. Kama mtandao wako hautoi eSIM umenunua kamera nzuri sana yenye saa. Hakikisha tundu lipo kabla hujatoa hela.

NAMBA 2: OnePlus 13

Hii ilitoka nje ya China Januari 2025 na ndio simu ya mtu aliyechoka kuishi na waya. Betri mAh 6000, na haijawa tofali kwa sababu wametumia betri za silikoni na kaboni ambazo zinabeba umeme mwingi zaidi kwenye nafasi ile ile. Chaji yake inafika wati 100, Marekani 80. Mwanzo utaendelea kuichomeka usiku kwa mazoea, baada ya wiki kadhaa utajikuta huichomeki tena kabla ya kulala, unaichomeka asubuhi ukienda kuoga na ukirudi ina chaji ya kutosha siku nzima. Kuna siku utasahau na hakutakuwa na shida. Kitu hiki huwezi kukiona kwenye karatasi ya sifa za simu lakini kinabadilisha maisha kuliko kamera yoyote.

Halafu ina kile kiswichi cha pembeni cha kuizima sauti, unakisukuma simu ikiwa bado mfukoni. Kidogo hivyo lakini ukikizoea simu zingine zote unaziona zimepungukiwa.

Shida ni mbili tatu. Spidi hiyo ya chaji inataka kichwa chake chenyewe na waya wake mwenyewe, ukiazima chaja ya mtu inarudi kuwa simu ya kawaida tu, kwa hiyo uliza kichwa kama kipo kwenye boksi au unanunua pembeni. Pili, apdeti za Android ni miaka 4 na za usalama 6, wakati Samsung na Google wanatoa 7. Kama unabadili simu kila baada ya miaka mitatu hilo halikuhusu hata kidogo. Tatu, simu nyingi za Kichina zina tabia ya kuziua programu zilizoko nyuma ili kubana chaji, unajikuta meseji za kikazi zinaingia kwa mkupuo ukiwasha kioo. Wiki ya kwanza ingia kwenye mipangilio ya betri, zile programu muhimu ziruhusu zifanye kazi nyuma bila kikomo, usisubiri mpaka ukose simu ya maana.

NAMBA 3: Pixel 10 Pro

Kwa picha za watu mimi bado naiweka hii mbele ya zote. Google tangu Pixel 6 ya 2021 walianza kitu wanaita Real Tone, kamera kufundishwa kuiona ngozi nyeusi kama ilivyo, na tofauti unaiona kwenye picha ya kundi ambamo kuna mweusi tii, maji ya kunde na mweupe wamekaa pamoja ndani kwenye taa hafifu, hakuna aliyegeuka jivu na hakuna aliyeungua na mwanga. Unatoa, unabofya, unairudisha mfukoni. Wiki za mwanzo kila mtu anacheza na mipangilio ya kamera, baada ya hapo hakuna anayecheza nayo tena, na simu inayopata picha kwa mbofyo mmoja ndio inayoshinda.

Ni inchi 6.3, RAM ni GB 16, apdeti miaka 7, na mgongoni kuna sumaku ya kuchajia bila waya. Mbona namba tatu basi? Chipu. Tensor G5 kwa kazi za kila siku haina neno, ila kwenye gemu nzito zile zenye chipu za Snapdragon zinaiacha, na mcheza gemu atagundua mapema tu. Halafu GB 128 za kuanzia kwenye simu ya hadhi hii, isiyo na sehemu ya kadi, ni uchoyo. Apple wenyewe wanasema dakika 1 ya video ya 4K kwa fremu 60 inakula kama MB 400 kwenye iPhone, hesabu hapo sherehe moja tu unaondoka na GB ngapi. Ukichukua hii chukua ya GB 256, usijidanganye utakuwa unafuta, hakuna anayefuta.

NAMBA 4: Samsung Galaxy S25 Ultra

Kwenye karatasi hii ndio mbabe, kamera kuu ya megapikseli 200, lenzi mbili za kuvuta, Snapdragon 8 Elite, kalamu ndani, na kioo ambacho juani unasoma kama gazeti kwa sababu hakirudishi mwanga. Ila sasa angalia kinachotokea mtu akifika nayo nyumbani. Ananunua protekta ya glasi ya kawaida, anaibandika, na pale pale ule uwezo wa kutorudisha mwanga umekwisha maana mwanga sasa unagonga ile glasi ya juu, anarudi kujiona uso kwenye kioo kama simu nyingine zote. Alama ya kidole nayo inasoma kwa mawimbi ya sauti kupitia kioo, ukiweka glasi nene inaanza kukataa, unabonyeza, unafuta kidole kwenye shati, unabonyeza tena, mwisho unaingiza namba. Kama lazima uweke protekta tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hii, halafu futa vidole ulivyosajili na uvisajili upya protekta ikiwa imeshawekwa, kidole gumba kisajili mara mbili.

Kalamu niseme ukweli, watu wengi wanaichomoa sana wiki ya kwanza kisha inalala humo mpaka simu inauzwa. Na kwenye S25 Ultra wameitoa bluetooth, kwa hiyo ile ya kuweka simu mbali na kupiga picha kwa kubonyeza kalamu haipo tena. Chaji ni wati 45 lakini kichwa hakimo kwenye boksi, Samsung waliacha kukiweka kwenye familia ya S tangu S21 ya 2021, na ukinunua chochote tu hupati hiyo 45, inataka kichwa chenye PPS, mfumo wa kupanga umeme kadri simu inavyotaka, na waya wa ampea 5. Watoto wakikimbia ndani ya nyumba jioni picha zinatoka na ukungu kuliko inavyofaa kwa simu ya kiwango hiki. Kama unahariri nyaraka, unasaini makaratasi kwenye simu au unavuta picha za mbali kila wiki, kwako ipandishe mpaka namba moja, wala sitabisha. Kwa wengine wote ni gramu 218 za vitu usivyovitumia.

Kuna mdogo wake, Galaxy S25 ya kawaida, gramu 162, tamu mno mkononi, ila mAh 4000 kwa mtu wa bando la kutwa jioni utaanza kuitafuta chaji.

NAMBA 5: Sony Xperia 1 VII, na hii ni kwa wale wenyewe tu wanaojijua. Bado ina tundu la earphone, bado inaingia kadi ya microSD. Kama hivyo viwili havikugusi moyo, pita.

Toleo la nyuma je? Mimi naona watu wengi ndiko wangeenda. Spidi ya simu kali hizi ilishapita mahitaji yetu, tofauti ya chipu ya 2023 na ya 2024 kwenye meseji, ramani na video huioni, na faida yake ni kwamba ubovu wa toleo hilo umeshajulikana, hubahatishi. S24 Ultra iliahidiwa apdeti za miaka 7 kuanzia 2024, Pixel 8 nayo 7 kuanzia 2023, zote zina safari ndefu bado. Ukichukua ya mtumba cha kwanza angalia betri. iPhone kuanzia 15 zinakuonyesha kwenye mipangilio imezunguka chaji mara ngapi (mzunguko mmoja ni kutumia chaji ya asilimia 100, hata kama ni kidogo kidogo), na Apple wanasema hizo zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 1000, za kabla ya hapo ni 500. Ulaya tangu Juni 2025 sheria inataka simu mpya ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Kwa hiyo ukiambiwa "haijatumika sana" na mizunguko inasoma 700, mwachie mwenyewe. Na mwenye simu atoe akaunti yake mbele yako, iCloud au Google, kisha ifutwe na uiwashe upya hapo hapo, asikuambie atakutumia neno la siri baadaye.

La mwisho ni macho, na hili hata wauzaji wengi hawalijui. Vioo vya OLED, vile ambavyo kila nukta inawaka yenyewe, vingi vikishushwa mwanga vinafanya hivyo kwa kuwaka na kuzima haraka sana, jicho halioni lakini kuna watu vichwa vinawauma, na wanakuja kugundua baada ya wiki kadhaa za kusoma gizani. Dukani omba uishike, shusha mwanga mpaka chini kabisa, soma kitu kirefu dakika kumi bila kuona aibu ya muuzaji anayekukodolea. Kichwa kikianza kugonga, rudisha kaunta uombe nyingine, hata kama ndio hiyo namba moja yangu.