Kioo cha Mkuranga 5mm, nimekitumia kama mwaka hivi

Sisi mafundi alminiamu kwa miaka mingi kioo cha dirisha tulikuwa tunakijua kwa jina moja tu, cha Mchina, kinashushwa bandarini kwenye kreti za mbao, kikija kimekuja, kisipokuja mteja anakaa na dirisha limezibwa turubai na anakupigia simu wewe fundi kila asubuhi kama vile meli ni yako. Sasa tangu kiwanda cha Sapphire Float Glass kizinduliwe Mkuranga, Septemba 2023, Mama Samia alienda mwenyewe, maduka ninayonunua hapa Dar yameanza kuweka mzigo wa hapa hapa. Wawekezaji ni Wachina vilevile lakini kioo kinatoka Pwani, kwahiyo nimefunga nacho madirisha ya slaidi, partisheni za ofisi na milango miwili, naongea nilichokiona.

Kwanza unene, maana hapa ndo watu wanaibiwa aisee. Unaambiwa 5mm, ukiweka venia, kile kipimo cha unene, inasoma 4.5. Na kioo hesabu yake iko wazi, kila milimita kwa mita moja ya mraba ni kilo 2.5, yani 5mm inatakiwa icheze kwenye kilo 12 na nusu, ikipungua sana ujue umeuziwa upepo. Hivi vya Mkuranga nilipima vipande sita kona tofauti tofauti, vikacheza 4.8 mpaka 4.9, hapo sina ugomvi. Kukata nako hakisumbui, unapitisha kikatio cha almasi mara moja, unagonga kwa chini kidogo, kinaachia pale pale ulipochora. Kioo ambacho hakikupoozwa taratibu kiwandani ndo kile kinakimbia mstari, unataka dirisha unapata pembetatu. Kwa mwaka mzima kimenikimbia mara mbili tu, na moja nadhani ni mimi nilikuwa na haraka.

Unyoofu pia safi. Simama upande, angalia nguzo ya umeme kupitia kioo huku unatembea, nguzo isicheze. Kioo cha float, ndo hiki, uji wake unamwagwa juu ya madini ya bati (tin, sio bati la paa) yaliyoyeyuka, unaelea na kujitandaza wenyewe, ndo maana hata hakisagwi.

Malalamiko yangu makubwa hayaendi kiwandani, yanaenda dukani. Kuna duka (jina naacha) walinipa vioo vinane, nimefika saiti nafuta vumbi naona rangi rangi kama mafuta ya petroli kwenye dimbwi, nikafuta na spiriti, nikafuta na gazeti, wapi. Kumbe walivipanga wima vimegusana, bati la paa linavuja, maji yakaingia katikati yakakaa wiki na wiki. Kioo kikishaliwa na unyevu hivyo hakirudi, wala usijichoshe na sabuni. Nilivirudisha, muuzaji ananiambia "fundi hivyo ndo vilivyotoka kiwandani", wakati kreti iliyofunguliwa siku ile ile pale pale dukani kwake ilikuwa na unga wa kuvitenganisha kati ya kioo na kioo na haina doa hata moja! Tulibishana mpaka akabadilisha vitano, vitatu nilikula hasara.

Bei? Imeshuka ila sio kama tulivyoahidiana vijiweni. Watu walidhani mchanga ni wetu basi kioo kitakuwa bei ya karanga. Mchanga ni wetu kweli, na bomba la gesi la kutoka Mtwara linapita huko huko Mkuranga, lakini magadi ya kiwandani hatujaanza kuyachimba kwa wingi, ingawa Ziwa Natron na Engaruka, kule Arusha, yamejaa, na bila magadi mchanga hauyeyuki kwa moto wa kawaida. Faida niliyoiona mimi ni kwamba kioo kikivunjika saiti Jumanne, Jumatano napata kingine chenye ule ule ukijani wa pembeni, mteja hashtuki.

Alafu kuna kitu watu hawakiwazi. Tanuru la kioo ukishaliwasha halizimwi, linawaka miaka kumi na zaidi mchana na usiku, ukilizima uji unagandia ndani. Kwahiyo kiwanda hakiwezi kusubiri mimi nimalize partisheni zangu Kinondoni, lazima mzigo uvuke kwenda kwa majirani. Na kioo ni kizito alafu kinavunjika, kwa Zambia au Rwanda lori la kutoka kwetu lina akili kuliko kontena la kuvuka bahari. Shida ni mipaka. Chupa za Kioo Limited, kile kiwanda cha chupa cha hapa Dar, tayari zilionja hiyo, mwaka 2020 Kenya iliweka ushuru wa asilimia 25 kwenye chupa za kioo za kutoka nje, na sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tukahesabiwa humo humo kama wageni, baadaye ndo za Jumuiya zikatolewa. Mtu kajenga tanuru lisilozimika alafu jirani anabadilisha sheria katikati ya mwaka, hapo ndo presha inapanda.

Mi naendelea nacho. Ila kioo cha rangi, tinted ya brown, duka langu bado linaniletea ya meli, na ukienda kununua clear, kisicho na rangi, beba venia yako mfukoni, alafu uombe wafungue kreti mbele yako, akianza kuzungusha maneno ondoka.