Miezi minane nachora miundo ya kemia kwenye kishikwambi

Nafundisha Kemia Kidato cha Tano na cha Sita. Kwa miaka mingi mitihani yangu ilikuwa na mapengo: nachapa maswali, naacha nafasi wazi, halafu nachora pete za benzini kwa rula kabla ya kwenda kurudufu. Walimu tulipogawiwa vishikwambi vya Sensa ya 2022, kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa programu ya kuchorea.

Ya kwanza niliyopakua ilichora vizuri, lakini kila picha niliyohifadhi ilitoka na nembo yake katikati mpaka nilipie. Niliifuta. Rafiki niliyesoma naye chuo akanielekeza Ketcher: ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafunguka ndani ya kivinjari.

Chukua aspirini. Unagusa pete ya benzini chini ya skrini, unagusa pale unapotaka ikae, basi imekaa. Unaongeza kundi la asidi, na esta kwenye kaboni ya jirani. Mistari ikienda kombo, kitufe kimoja kinanyoosha pembe zote. Kuna njia fupi zaidi: bandika CC(=O)Oc1ccccc1C(=O)O, yaani aspirini kwa SMILES, namna ya kuandika molekuli kwa herufi na alama, na molekuli nzima inajichora. Fomula C9H8O4 na uzito wa molekuli, 180.16, unapewa humohumo.

Kilichonigusa zaidi ni mstari mwekundu. Ukiipa kaboni bondi ya tano, wakati inabeba nne tu, inapigiwa mstari chini papo hapo. Niliwaonyesha wanafunzi kwa projekta, na kosa ambalo nimelisahihisha kwenye madaftari mwaka hadi mwaka wakaliona wenyewe, wakaanza kubishana bondi ipi iondolewe. Ila nawaanzisha kwenye karatasi kwanza, tena kwa lazima. Programu hujaza haidrojeni yenyewe. Ukibadili kaboni ya mwisho kuwa oksijeni, OH inatokea bila wewe kuhesabu chochote, na kuhesabu huko ndiko ninakotaka wakujue.

Mimenyuko nayo inachorwa. Ethanoli na asidi ya ethanoiki nimeziunganisha kwa mishale ya kwenda na kurudi, esta na maji upande wa pili. Kwa mishale iliyopinda ya kuonyesha elektroni zinakohamia, mimi bado naupendelea mkono: nahifadhi picha, naifungua kwenye programu ya kuandikia, nachora juu yake.

Usitumie kidole. Kinafunika atomu unayoilenga na bondi inaangukia pengine. Kalamu ya ncha ya mpira inatosha, nawe ukuze mchoro kabla ya kugusa. Na kama kazi inakwenda kuchapwa, hifadhi picha kama faili la SVG badala ya PNG. Mistari inabaki mikali hata ukiukuza mchoro ujaze ukurasa mzima.