Garmin GPSMAP 65s katika kazi ya kuzima moto kichaa

Kikundi chetu cha kujitolea hutoka Dar es Salaam kwenda kusaidia kuzima moto kichaa katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wakati wa kiangazi, na kwa misimu miwili tulitegemea simu zetu ili kujua nani yuko upande gani wa moto. Simu zilitushinda. Kioo cha kugusa hakitambui kidole kilichomo ndani ya glavu nene ya ngozi, na kuvua glavu ukiwa hatua chache kutoka kwenye nyasi zinazowaka ni hatari ambayo sitaki mwenzangu yeyote alazimike kuikabili. Ndipo tukachanga fedha za kununua kifaa cha GPS cha mkononi.

Nilikwenda dukani Kariakoo nikiwa na glavu zangu za kazi, nikamwomba muuzaji aniruhusu kuzivaa ninapojaribu vifaa. Garmin eTrex 22x ni ya bei nafuu, na kwa mujibu wa mtengenezaji hudumu saa 25 kwa betri mbili za AA, lakini kijiti chake kidogo cha kuongozea kiliniponyoka mara kwa mara. GPSMAP 65s ina vitufe vikubwa vilivyo chini ya kioo, na kimoja kati ya hivyo kazi yake ni kuweka alama ya mahali uliposimama. Kitufe hicho peke yake kilitosha kunishawishi, kwa kuwa mtu aliyezungukwa na moshi hana nafasi ya kupekua menyu.

Betri zake, ambazo pia ni mbili za AA, hudumu takriban saa 16. Ziko aina zenye betri ya ndani inayodumu muda mrefu zaidi, lakini ikiisha porini huna la kufanya, ilhali betri za AA zinapatikana hata katika maduka madogo ya Kisarawe. Chini ya miti iliyosongamana na ndani ya makorongo, kifaa hiki hupokea mawimbi ya setilaiti katika masafa (frikwensi) mawili, jambo linalopunguza makosa yanayotokana na mawimbi kugonga vikwazo kabla ya kufika. Kina pia dira ya kielektroniki, hivyo mshale unaonyesha upande sahihi hata ukiwa umesimama, jambo ambalo 22x haiwezi.

Kabla ya kukitumia, rekebisheni mpangilio wa koodineti, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Ramani za zamani za Serikali za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Mahali palepale, tofauti ya mifumo hiyo inakaribia mita 300 kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Sisi tulisomeana koodineti kwa redio bila kutaja mfumo, na wenzetu wenye mabomba ya mgongoni wakateremka korongo lisilohusika huku moto ukivuka njia ya kinga moto. Tangu siku hiyo vifaa na simu zetu zote zimewekwa WGS 84, kanda ya 37 Kusini ya gridi ya ramani ya UTM, na yeyote anayesoma namba kutoka kwenye ramani ya karatasi hutaja mfumo kwanza.

Kasoro zipo. Kioo cha inchi 2.6 ni kidogo mno kwa kupanga kazi ya kundi zima, kwa hiyo ramani ya karatasi bado inahitajika. Daraja lake la kuzuia maji, IPX7, linamaanisha kinastahimili kuzama mita moja ya maji kwa dakika 30. Halisemi lolote kuhusu vumbi wala joto la moto, hivyo mimi hukibeba ndani ya mfuko wa mgongoni ninapokuwa mstari wa mbele.

Kwa fedha tulizokuwa nazo tuliamua kununua 65s mbili, moja ya kiongozi wa mstari na nyingine ya dereva wa gari la maji, na si moja kubwa yenye mambo mengi.