Chichén Itzá kwa siku moja: walivyomfokea mama yangu kwa saa isiyokuwa yake

Mimi si mtu wa kuandika malalamiko. Chakula kikichelewa hotelini nangoja, basi likiharibika njiani nashuka nasaidia kusukuma. Lakini hii imenikaa kooni miezi sasa, na kila nikimwona mama akikunja leso yake namkumbuka yule mwongoza watalii na kile kidole chake.

Mama alikuja Dallas kunitembelea kutoka Watamu. Nikataka arudi nyumbani na kitu cha kusimulia, tukaenda Cancún siku chache. (Kwa wasiojua: mwenye viza halali ya Marekani hadaiwi viza ya Meksiko. Nilitaka kulipia bure kwa wakala kabla sijaambiwa.) Nilitenga siku moja ya kuona piramidi za Wamaya, wenyeji wa upande huo, nikakesha nachagua. Uxmal naitamani mpaka leo kwa ile piramidi yake yenye pembe za mviringo, ila iko huko kusini ya mji wa Mérida, na kutoka Cancún hiyo ni safari ya kulala. Calakmul iko ndani kabisa ya msitu wa Campeche, kwa siku moja usithubutu. Mwishowe nikachagua Chichén Itzá kwa sababu ndilo jina ambalo mama angeweza kulitaja kijijini na mtu akasema ndiyo, nimeiona kwenye televisheni. Nikalipia basi la watalii, bei yao ikanipendeza.

Bei ile haikuwa na kiingilio. Chichén Itzá unalipa mara mbili, serikali kuu na jimbo la Yucatán, na sisi tulitangaziwa ndani ya basi, tukiwa tayari barabarani, pesa taslimu tu. Sawa, nikatoa. Basi lilituchukua alfajiri, likazunguka hoteli baada ya hoteli kukusanya wengine. Njia ni kama kilomita mia mbili, ungedhani tungefika mapema. Tulipelekwa kwanza dukani. Duka la vinyago, la tekila, la mawe meusi yaliyochongwa, na mlango wa kutokea uko mwisho wa rafu zote. Kisha senote, yale mashimo makubwa ya maji ambapo paa la mwamba limeporomoka. Maji mazuri, siwezi kusema uongo, mama alichovya miguu akafurahi. Kisha chakula. Piramidi ndiyo iliyotuleta, na piramidi ndiyo iliyowekwa mwisho, juu ya utosi wa jua.

Mwongozaji alituambia: saa nane kamili basi linaondoka. Hakuongeza neno. Nikatazama simu, ilikuwa saa tano na nusu. Nikamwambia mama tusiharakishe, tuna saa mbili na nusu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Cancún iko jimbo la Quintana Roo, na Quintana Roo iko mbele ya Yucatán kwa saa moja. Ukivuka mpaka, simu inajirudisha yenyewe, hukuulizwa. Mimi nilikuwa nasoma saa ya Yucatán, mahali nilipokuwa nimesimama. Mwongozaji alikuwa anahesabu saa ya Cancún, iliyobaki huko hotelini. Anafanya kazi hii kila siku, anajua kila basi lina watu wasiojua, na sentensi moja tu ingetosha.

Tukatembea polepole. Mama alisimama mbele ya ile piramidi ya Kukulcán akaanza kuhesabu vidato kwa kidole, maana kupanda hawaruhusu tena. Akapotea, akaanza upya, akafika 91. Nikamwambia pande ziko nne, na ukiongeza kidato cha juu kabisa unapata 365, siku za mwaka. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaona watu wanapiga makofi mbele ya ngazi, naye akapiga. Zile ngazi zikamjibu kwa sauti ya ndege, mlio mwembamba unaoshuka, wenyewe wanasema ni ndege wao aitwaye ketzali. Mama akashtuka akageuka nyuma kumtafuta huyo ndege. Akapiga tena, akajibiwa tena. Nimeishi na mama yangu miaka mingi na uso ule sikuwahi kuuona.

Tukashika njia ya kwenda kwenye senote takatifu. Njia yote imejaa wachuuzi na firimbi zao zinazonguruma kama jagwa, yule chui wa huko. Mama joto analijua, ni mtu wa pwani, lakini pale upepo wa bahari haufiki. Miguu ikamwisha. Mama mmoja mchuuzi, mtu mzima kama yeye, gauni jeupe limetariziwa maua shingoni, akamsogezea kiti chake cha plastiki chini ya mti. Hakumwuzia kitu. Alishika pindo la leso akalipapasa kwa vidole viwili, vile fundi anavyopima kitambaa, akasema jambo kwa Kimaya. Kijana wake akanifundisha salamu yao, bix a beel, akasema maana yake ni njia yako ikoje. Mama alipenda sana hilo, akalirudia mpaka akalipata. Asubuhi nzima mwongozaji alikuwa ametuambia habari za Wamaya kana kwamba walitoweka wote, na hawa hapa wametupa kiti.

Simu inasema saa saba na dakika ishirini. Nikamwona mwongozaji anakuja mbio, uso umeiva. Hakunisemesha mimi. Alimsimamia mama yangu aliyeketi, akamwelekezea kidole, akafoka kwa Kiingereza kwamba watu arobaini wanangoja kwa ajili yake. Nikamwonyesha simu. Akasema saa ya simu yangu ni tatizo langu. Tulipopanda basini akachukua kipaza sauti, akawaambia wote kwamba tumechelewa kwa sababu ya "huyu bibi". Baadhi wakapiga makofi ya kejeli. Mama hajui Kiingereza kingi, ila hayo hayahitaji mkalimani. Nilisimama. Akanishika mkono akasema, "Keti mwanangu. Tuko ugenini." Njia nzima ya kurudi alitazama dirishani, leso kaishika mapajani.

Uwanja wa mpira, mkubwa kuliko wote wa zama zile, urefu wake mita 168, hatukuuona. Senote takatifu hatukuifikia. Nilipoiandikia kampuni, walinijibu kwa punguzo la safari ijayo pamoja nao. Radhi kwa mama yangu, hata neno moja hamna.

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika hapa: msiende Chichén Itzá, nendeni Cobá, magofu mengine ya Wamaya. Na kwa siku moja kutoka Cancún, ukiwa na mzee, bado nasema Cobá. Siku mbili baadaye nilikodi teksi tukaenda wenyewe. Cobá iko Quintana Roo, saa ni ileile. Njia zina kivuli cha msitu, na kuna vijana wenye baiskeli za magurudumu matatu, abiria mnakaa mbele, yeye anakanyaga nyuma yenu. Mama alibebwa kama malkia mpaka piramidi ya Nohoch Mul, yenye mita 42, ndefu kuliko ile ya Kukulcán. Tukapita barabara nyeupe za kale, moja yake ilikwenda kama kilomita mia moja hadi mji wa Yaxuná. Jioni tukapitia Tulum. Atakayefuata piramidi ndefu Tulum atavunjika moyo, lakini mama alipoona ukuta wa mawe umezunguka pande tatu na ya nne ni bahari alisema, "Hii ni Gede, ila imesogezwa pwani." Gede ni yale magofu ya Waswahili karibu na kwetu Watamu. Na kweli, miji hii miwili ilikuwa hai karne zilezile, kila mmoja upande wa bahari yake.

Hapo nilidhani nimemaliza. Ila simu ya mama haina picha ya Cobá hata moja aliyowaonyesha majirani. Anawaonyesha zile ngazi, anapiga makofi sebuleni kuwaeleza. Kwa hiyo nafuta nilichoandika juu: nendeni Chichén Itzá, lakini laleni Valladolid, mji ulio kilomita kama arobaini kutoka hapo, mwingie mlango unapofunguliwa saa mbili asubuhi, kabla mabasi hayajafika. Na yule mtu sijamsamehe.

Juzi mama kanipigia. Baada ya salamu akaniuliza kama tukirudi tena, huo mlango wa saa mbili ni kwa saa ya upande upi. Nikamwambia ya Yucatán. Akasema subiri, achukue kalamu aandike.