Godoro gumu na mto wa usufi: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Assalaam alaykum. Nilisema ntaandika habari ya godoro langu jipya nikishalilalia vya kutosha, maana wiki ya kwanza kila kitu kipya kizuri. Nililinunua Novemba, kaskazi imepita, masika imepita na mvua zake, sasa nafkiri naweza kusema kitu cha kweli.

Miye mshonaji, nakaa Wawi hapa Chake Chake, Pemba, kutwa niko kwenye cherehani. Basi mgongo ulipoanza kuniuma nikailaumu cherehani, na nimeilaumu kama miaka miwili hivi. Alfajiri naamka kiuno kimekakamaa mpaka nishike ukingo wa kitanda ndo nisimame, rukuu ya kwanza ndo usiseme. Kilichonifungua macho ni siku tatu nilizokwenda kwa mama Micheweni. Nilichukua na nguo za harusi za watu nikazimalizie kule, nimeshona kwa cherehani ya mama siku zote tatu, tena nimeinama kuliko nyumbani, lakini usiku nalala kwenye godoro lake la usufi la zamani na asubuhi naamka mzima. Siku ya tatu nikajiambia, hii si kazi, hiki ni kitanda.

Niliporudi nikatoa shuka, nikachukua ile rula yangu ndefu ya kukatia nguo nikailaza juu ya godoro nililokuwa nalo zamani. Upande wangu, pale kiunoni, ngumi nzima inapita chini ya rula. Godoro la inchi 10 hilo! Nililinunua Unguja, duka sitolitaja, nililipenda kwa sababu lilikuwa laini kama boflo la moto, nikakaa kitako mara moja, nikabonyeza kwa mkono, nikalipa. Nikalipakia boti mpaka Mkoani, tena likapanda juu ya keria ya gari mpaka Chake, gharama juu ya gharama. Mwaka haujesha lishaanza kuzama, na muuzaji nilipompigia akaniambia magodoro yote ndo hivyo. Si kweli, na hili ndo linaloniuma zaidi kuliko pesa.

Sasa hili jipya nililinunua hapa hapa Chake, kwa mama mmoja aliyenifunza mengi. Kwanza aliniambia unene na ugumu ni vitu viwili mbali mbali. Sponji inapimwa kwa densiti, yani kilo ngapi zimo ndani ya mita moja ya ujazo, na sponji nyepesi hata iwe nene vipi inabonyea haraka kwa sababu ndani hewa ni nyingi na mali kidogo. Akanitolea mawili, yote 5 kwa 6, yote inchi 8, kitambaa kimoja, akasema nyanyua. La kwanza nililiinua peke yangu. La pili nilimwita kijana wake tukashika wawili. Hapo nilifahamu bila kusomewa karatasi yoyote.

Halafu akanivutia pazia, akanambia vua viatu ulale, na usilale kama uko dukani, lala ubavu kama unavyolala kwako. Nimelala kama robo saa. Nilipogeuka chali akapitisha mkono chini ya kiuno changu: ukipita wazi wazi, godoro gumu mno kwako, mgongo unaning'inia. Ukikataa kabisa kuingia, umezama. Kwangu ulipita kwa kubana kidogo, akasema hili ndo lako. Laki tatu na themanini, nikalipa na roho yangu nyeupe.

Alikuwa na godoro la memori fomu pia, hizi zilizotokana na mambo ya NASA, shirika la anga za juu kule Marekani, mwaka 1966 kwa ajili ya viti vya ndege. Inalainika kwa joto la mwili na kufuata umbo lako, nikilala pale dukani raha tupu, lakini kwa sisi tusiokuwa na eisii chumbani, Januari upepo umekata na jasho linakutoka, godoro linalokukumbata hivyo linakuzuilia joto. Mwenye nafasi ya kupoza chumba ajaribu, miye nimeliwacha.

Ntasema ukweli wote, wiki mbili za mwanzo sikufurahi. Kiuno kilianza kupoa lakini bega na shingo vikaniuma, nikaogopa nimepoteza pesa mara ya pili. Kumbe ni mto. Godoro la zamani bega lilikuwa linazama kwa hiyo mto wowote ulinitosha. Hili bega halizami sana, basi baina ya sikio na godoro pana nafasi lazima ijazwe, na mto wangu ulikuwa wa vile vipande vya sponji vilivyokwisha kuwa madonge. Mmoja mfupi, nikiweka miwili kichwa kinapinda juu. Nikajipima kwa futi yangu kutoka shingoni mpaka ncha ya bega, inchi tano.

Foronya ya ndani nilishona mwenyewe kwa kitambaa kizito cha marekani, tena mshono mara mbili, kwa sababu usufi ukipata tundu unatoka tu. Nikampelekea fundi wa mito. Nilikaa kumtazama anavyochambua, anatoa kokwa moja moja, usufi umemganda mpaka kwenye kope, akaujaza mto ukawa mnene kama inchi saba, nikamwambia mbona umezidi, akanambia utashuka wenyewe ndani ya mwezi. Ulishuka kweli, na shingo sijaisikia tena. Usufi una baridi, nyuzi zake zina uwazi ndani zimejaa hewa na maji hayaingii upesi, zamani ukitiwa hata kwenye jaketi za kuokolea watu baharini. Lakini usiufue! Jua tu, kila baada ya wiki mbili nauanika asubuhi na kuupiga piga.

Vitu viwili vyengine nilivyofanya: seremala ameniongezea chaga tano, maana zilikuwa mbali mbali na godoro lolote lingeingia baina yake. Na nailoni nimeitoa siku ya kwanza. Nawaona watu wanalala juu ya nailoni miaka ili godoro lisichafuke, jamani, jasho linakwenda wapi? Nyumba ya jirani yangu masika hii godoro limeota koga chini.

Kasoro zake: zito, kuligeuza kila mwezi kichwani kwenda miguuni lazima baba watoto awepo. Na mto umeshuka zaidi sasa, umefika kama inchi nne, wiki hii naufungua mshono niongeze usufi. Rula niliilaza tena juzi, karatasi haipiti.