Kuteleza kwenye mfereji wa Rideau, Ottawa: huduma inayojua kukataa

Kila majira ya baridi, barafu inapokubali, mfereji wa Rideau hugeuzwa kuwa njia ya kuteleza kwa viatu vyenye chuma chini, yenye urefu wa kilomita 7.8, inayopita katikati ya Ottawa, mji mkuu wa Kanada, na wala hakuna kiingilio. Nimeitumia kwa misimu mitatu, na ninachokisifu kwanza si urefu wala kutolipa, bali bendera. Ya kijani ikipepea, njia iko wazi. Ikiwa nyekundu, hakuna ruhusa ya kushuka, hata kama jua linawaka na watoto wamekwisha kuvalishwa masweta mawili mawili.

Wasimamizi husubiri barafu nzuri ifikie unene wa sentimita 30 hivi. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ni dhaifu kuliko ile inayoonekana kama kioo, kwa hiyo unene peke yake hautoshi. Katika majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 joto lilizidi, na njia haikufunguliwa kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ianzishwe msimu wa 1970-71. Nung'uniko lilikuwa kubwa mtaani kwetu, lakini huduma isiyothubutu kusema hapana nisingeipelekea wanangu.

Upande wa viatu, sikuridhika. Duka moja la kukodisha lilinipa jozi yenye chuma butu, nikawa nateleza kwa ubavu kama mbuzi aliyepandishwa kwenye vigae vyenye maji, na kifundo cha mguu kikauma siku mbili. Siku hizi, kabla ya kulipa, napitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wa chuma: ukikwanguka unga mwembamba, chuma kina makali, usipokwanguka, narudisha. Helmeti navaa, na vicheko vya vijana nimevizoea.

Nenda asubuhi ya siku ya kazi, kwa sababu barafu humwagiwa maji usiku, nayo yakiganda uso wake husawazika, na Jumapili alasiri mabenchi ya vibanda vya kubadilishia viatu hujaa hadi watu wanafunga kamba wamesimama. Ukinunua BeaverTails, jamaa wa mbali wa mandazi aliyepakwa sukari na mdalasini, weka karatasi yake mfukoni. Ikidondoka huganda ndani ya barafu, na chuma cha mtu mwingine kikiinasa, ataanguka kifudifudi.